Somo la Ufugaji wa Samaki: Ukilisha Samaki, Unalisha Pia Vijidudu vya Tumbo Lake

Wengi wenu mmetuuliza swali moja kwa njia tofauti. Mmoja anauliza, "Mbona samaki wangu wanakula vizuri lakini hawanenepi?" Mwingine anasema, "Maji ni mazuri, chakula nimeweka, lakini kila asubuhi natoa wawili watatu waliokufa. Nimekosea wapi?"

Tumeonelea tuandike somo hili kuhusu jambo ambalo wafugaji wengi hatulifikirii, yaani yale yanayotendeka ndani ya utumbo wa samaki baada ya kumeza chakula. Tutaanza na makosa yetu sisi wenyewe. Afadhali mjifunze kwa hasara yetu kuliko kwa hasara yenu.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu kina watu 22, wengi wao wakiwa akina mama. Kidimbwi chetu kilichimbwa wakati wa ule mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009, ambapo maeneo bunge 140 yalipangiwa vidimbwi 200 kila moja, na kila kidimbwi mita mraba 300. Mnajua wenyewe kwamba vingi vya vidimbwi hivyo siku hizi ni vichaka na makao ya vyura. Chetu pia kilikuwa hivyo. Tukafyeka, tukatoa matope, tukakopa shilingi 45,000 kwenye chama, tukanunua vifaranga 900 vya tilapia.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, na samaki walikula chakula cha punje kutoka dukani. Ukipiga makofi ukingoni wanakuja mbio. Mama mmoja kati yetu alikuwa na mtoto aliyeitwa kidato cha kwanza, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mgao wake wa mavuno ndio utakaolipa karo. Kwa hiyo hatukuwa tunafuga mchezo.

Mwezi wa nne pesa za chakula zikaisha. Mtu mmoja akatuletea magunia mawili ya pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya pamba, kwa bei isiyofika nusu ya ile tuliyozoea. Magunia yalikuwa yamenyeshewa. Ukifungua unapata harufu ya uvundo, na ndani mna mabonge. Tukasema, "Tutaanika, jua litamaliza." Tukaanika siku moja. Asubuhi iliyofuata tukaacha kabisa kile chakula cha kwanza, tukamwaga hiki kipya debe zima.

Siku za kwanza hatukuona neno. Halafu tukaona chakula kinabaki kikielea, na kingine kinazama na kuoza. Samaki wakawa wanatoa kinyesi kirefu cheupe kama uzi. Wakakonda mgongoni lakini tumbo limevimba. Wiki ya pili wakaanza kufa: watano, wanane, kumi na mmoja.

Tukaitana. Kijana mmoja akasema, "Kwa agroveti kuna dawa ya kuku ya kuua vijidudu. Tuiyeyushe tumwage ndani." Mweka hazina alikuwa ameshatoa pesa mfukoni. Hapo nyanya mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akasema, "Ngojeni. Kuku akifa tunampasua kwanza tuone. Kwa nini samaki tusimpasue?"

Tukawapasua waliokufa asubuhi ile. Utumbo ulikuwa mwekundu, umevimba, na ndani mna maji ya manjano na ute tu. Tukaomba samaki mmoja mzima kutoka kwa jirani, tukampasua pia. Utumbo wake ulikuwa mrefu, mwembamba, umejaa kitu cha rangi ya kijani na kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata mtoto angeona tofauti. Tukampigia simu afisa wa uvuvi wa kaunti, naye akaja siku ya pili. Mengi ya somo hili tulianza kuyajifunza pale ukingoni, tukiwa na kisu mkononi.

TUMBO LA TILAPIA LILIVYO

Kwanza tujue samaki wetu ameumbwaje.

Tilapia ana tumbo dogo lenye asidi kali sana, halafu utumbo mrefu uliojikunja kama kamba, mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Utumbo mrefu ni dalili ya mnyama anayekula majani na mimea. Kambare ni tofauti. Yeye ana utumbo mfupi zaidi, maana hupenda sana nyama, wadudu na samaki wadogo.

Kuhusu ile asidi, utafiti mmoja ulifanyika hapa kwa jirani zetu, Ziwa George nchini Uganda. Mwaka 1973 mtafiti aitwaye Moriarty aliandika jinsi tilapia wa ziwa lile wanavyoweza kusaga mimea midogo ya majini ambayo viumbe wengi hushindwa nayo. Aligundua kwamba asidi ya tumbo lao hufikia ukali unaopita wa maji ya ndimu. Lakini asidi hiyo haiko tayari saa zote. Alfajiri tumbo likiwa tupu ni kidogo, na huongezeka kadiri samaki anavyoendelea kula mchana. Chakula cha kwanza cha asubuhi hupita bila kusagwa vizuri.

Hapo mnaona kwa nini tunaambiwa tusimwage chakula chote alfajiri. Asubuhi na mapema hata oksijeni ndani ya maji huwa chini. Ngojeni jua lipate nguvu, kama saa nne, kisha mlishe tena saa kumi alasiri.

VIJIDUDU VINAVYOKAA NDANI

Ndani ya utumbo huo mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa bakteria. Ni mamilioni kwa mamilioni. Kifaranga anapoanguliwa utumbo wake hauna kitu. Vijidudu huingia pamoja na maji anayomeza, matope anayodonoa na chakula anachokula. Vingine hupita tu na kutoka. Vingine hupata mahali panapovifaa, vikakaa na kuzaana.

Wengi wetu tukisikia neno bakteria tunafikiria ugonjwa tu. Si hivyo. Vingi vya vijidudu hivi ni wafanyakazi wasiodai mshahara. Tutataja kazi zao tatu.

Kazi ya kwanza: vinatengeneza vitamini. Mwaka 1982 watafiti wawili, Lovell na Limsuwan, walionyesha kwamba tilapia hahitaji kuwekewa vitamini B12 katika chakula, kwa sababu hutengenezwa ndani ya utumbo wake mwenyewe. Sasa inajulikana kwamba kijidudu kinachoitwa Cetobacterium, ambacho hukaa mahali pasipo na hewa ndani ya utumbo, ni mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hiyo.

Kazi ya pili: vinasaidia usagaji na ulishaji wa mwili. Kuna makapi ambayo samaki mwenyewe hawezi kuyavunja. Vijidudu huyachachusha, na katika kuchachua huko hutoka asidi laini ambazo ni chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Hata mafuta yanahusika. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walilea samaki wadogo wa maabara wasio na bakteria hata mmoja, wakawalinganisha na wenye bakteria. Wale wenye bakteria walifyonza mafuta ya chakula vizuri zaidi. Tena waliona kwamba samaki wakilishwa, aina fulani ya vijidudu vinavyosaidia kufyonza mafuta huongezeka. Wakikaa njaa, hupungua.

Kazi ya tatu: vinalinda mlango. Fikirini matatu iliyojaa watu waaminifu. Kila kiti kina mtu. Mwizi akija kituoni hapati pa kukaa, matatu inaondoka bila yeye. Utumbo nao uko hivyo. Vijidudu vyema vikijaa, vile vya ugonjwa hukosa nafasi na chakula. Kuna kijidudu kiitwacho Aeromonas ambacho hupatikana karibu katika kila kidimbwi, na mara nyingi ndani ya samaki mzima pia, bila kuleta shida. Lakini samaki akidhoofika na viti vikibaki wazi, kijidudu hicho hupanda, na ndipo mnaona vidonda, tumbo kuvimba na vifo.

CHAKULA HUBADILISHA WAKAAJI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Kila kijidudu kina chakula chake. Kuna kinachopenda makapi ya mimea, kuna kinachopenda protini, kuna kinachopenda wanga. Kwa hiyo, mkibadilisha chakula cha samaki mnabadilisha pia wakaaji wa utumbo wake. Wale waliopata chakula wanachokipenda wanazaana, na wale waliokosa wanapungua. Jambo hili halingoji miezi. Huanza ndani ya siku chache.

Tuangalie vyakula tunavyotumia sisi wenyewe.

Maji ya kijani. Hiki ndicho chakula cha kwanza cha tilapia. Ile rangi ni mimea midogo sana, na pamoja nayo mna wadudu wadogo na vijidudu vya aina nyingi. Samaki anayekula humo kila siku hupata mchanganyiko mzuri. Samaki wa jirani tuliyempasua alikuwa amejaa chakula hicho.

Pumba. Pumba za mahindi, za mchele na za ngano hushibisha, lakini zina makapi mengi na protini kidogo. Pia zina kitu kinachofunga madini ili samaki asiyapate. Zikiwa ndizo chakula cha pekee, samaki hushiba bila kukua.

Mashudu. Ya alizeti na ya pamba yana protini nzuri. Lakini mashudu ya pamba yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, kwa hiyo hayafai kuwa sehemu kubwa ya chakula.

Soya. Ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia usagaji wa protini, kwa hiyo lazima ipitishwe motoni kwanza. Wafugaji wa samaki aina ya samoni kule Norway walijifunza jambo hili kwa uchungu. Walipoongeza unga wa soya, sehemu ya mwisho ya utumbo wa samaki wao ilivimba, na watafiti wakaona vijidudu vya utumbo vimebadilika pia. Habari njema ni kwamba walipowarudisha kwenye chakula cha zamani, utumbo ulipona. Samoni ni mla nyama. Tilapia wetu huvumilia mimea kuliko yeye, lakini somo ni lile lile: chakula kinachofaa tumbo moja kinaweza kuumiza lingine.

Omena na dagaa. Unga wake una protini bora kwa samaki. Shida ni kwamba omena ni kitoweo cha watoto wetu pia, na bei imepanda. Tena omena iliyochanganywa na mchanga au iliyooza hupeleka matatizo moja kwa moja tumboni.

Wadudu. Siku hizi kuna watu wanaofuga funza wa nzi mweusi aitwaye nzi-askari, kwa kutumia maganda na mabaki ya jikoni. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kimefanya kazi kubwa juu ya funza hawa kama chakula cha mifugo na samaki. Katika majaribio ya samaki aina ya trauti, unga wa funza hao uliongeza aina za vijidudu ndani ya utumbo, zikiwemo zile zinazochachusha kama maziwa lala. Inafikiriwa kwamba sababu moja ni ganda gumu la mdudu, ambalo vijidudu vingine hulitumia kama chakula.

KUVU SI CHAKULA

Hapa tunataka msikilize kwa makini, maana ndipo tulipoanguka.

Chakula chenye kuvu kinaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini. Wakenya tunaijua sumu hii. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoingia kuvu, na 125 wakafa. Mahindi ambayo binadamu hawezi kula, watu husema, "Basi tupelekee mifugo." Lakini sumu hiyo huharibu ini la samaki pia, hudhoofisha kinga ya mwili na kuumiza utumbo.

Jua haliondoi aflatoksini. Linakausha tu. Kupika hakuiondoi pia. Ukianika gunia lenye kuvu, umepata gunia kavu lenye sumu. Sisi tulifikiri tumeokoa shilingi elfu mbili tatu. Kumbe rahisi ilikuwa inatugharimu.

KWA NINI TUSIKIMBILIE DAWA

Ile dawa ya kuku tuliyotaka kumwaga ni antibiotiki. Inaua vijidudu, ndiyo, lakini haina macho. Haiulizi huyu ni mfanyakazi na huyu ni mwizi. Inateremsha abiria wote, na viti vinabaki wazi. Anayerudi kwanza mara nyingi ni yule sugu ambaye dawa ilimshindwa. Sasa una kijidudu cha ugonjwa kisichosikia dawa, ndani ya samaki watakaoliwa na watu, na ndani ya maji yanayoteremka mtoni.

Tena dawa ile isingeondoa sababu. Gunia la kuvu lingekuwa bado liko stoo.

Hatusemi dawa haina kazi kabisa. Tunasema daktari wa mifugo au afisa wa uvuvi ajue kwanza ugonjwa ni upi. Angalieni pia samadi. Samadi ya kuku waliopewa dawa hubeba mabaki ya dawa hiyo hadi kidimbwini. Ngojeni kuku wamalize dawa ndipo mtumie samadi yao.

TULIVYOFANYA, NANYI MNAVYOWEZA KUFANYA

Afisa hakutupa dawa yoyote. Alituambia tusimamishe chakula siku mbili, tubadilishe sehemu ya maji, tutoe mabaki yaliyooza, na lile gunia tulizike mbali na kuku na ng'ombe. Kisha tukaanza upya polepole. Tangu hapo tunafuata mambo haya:

1. Badilisha chakula hatua kwa hatua. Siku tatu za kwanza weka robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani. Siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu. Siku tatu nyingine robo tatu kipya. Siku ya kumi unaweza kutoa kipya peke yake. Hivyo vijidudu vya utumbo vinapata nafasi ya kujipanga.

2. Changanya vyakula. Pumba peke yake haitoshi. Changanya pumba, mashudu na kitu chenye protini ya mnyama, kama omena safi au funza waliokaushwa.

3. Tunza maji ya kijani. Ingiza mkono ndani ya maji. Vidole vikipotea machoni maji yakifika kwenye kiwiko, kijani kinatosha. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono tu, usiongeze samadi. Ukiona mpaka chini, ongeza kidogo.

4. Lisha kinachomalizika. Toa chakula ambacho samaki watamaliza ndani ya robo saa hivi. Kinachobaki kinaoza, kinakula oksijeni na kulea vijidudu vibaya.

5. Angalia baridi. Tilapia hupenda maji ya joto la nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20, usagaji unapungua sana. Ndugu zetu mlio sehemu za juu, mwezi wa Juni na Julai punguzeni chakula. Kinachokaa tumboni bila kusagwa ni taabu.

6. Chachusha pumba. Akina mama, hii mnaijua kutoka kwa uji. Chukua gorogoro ya pumba safi, lowesha kwa maji ya vuguvugu mpaka ishikane ukiifinya lakini isichuruzike. Tia kijiko kidogo cha hamira iliyokorogwa na sukari kidogo. Funika vizuri siku moja. Ikinukia uchachu mtamu, iko tayari. Kuchachusha hupunguza kile kitu kinachofunga madini, na hamira yenyewe ni chakula kizuri. Anza kwa kiasi kidogo. Ukiona rangi nyeusi, ya kijani au ya waridi, mwaga. Wala msidhani kuchachusha kutaponya pumba iliyokwisha kuingia kuvu. Haiponyi.

7. Hifadhi vizuri. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Nunua cha kutosha wiki chache tu. Ukifungua gunia, nusa kabla ya kulipa.

8. Pasua mmoja. Kila mwezi mkivua kupima uzito, pasueni samaki mmoja. Utumbo uliojaa vizuri na usio mwekundu ni habari njema. Ukiwa mtupu, mwekundu au wenye maji ya manjano, tafuteni sababu siku hiyo hiyo. Oshea mikono kwa sabuni ukimaliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

9. Kabla ya kuvuna, simamisha chakula siku moja. Utumbo ukiwa mtupu, nyama hukaa vizuri zaidi. Vijidudu vile vile vilivyokuwa wafanyakazi samaki akiwa hai, huanza kuozesha nyama akishakufa. Mtoeni matumbo upesi.

MWISHO WA HABARI YETU

Vifo vilipungua wiki ile ile, na baada ya wiki tatu samaki walianza tena kuja tukipiga makofi. Hatuwezi kusema kwamba vijidudu vya utumbo peke yake ndivyo vilivyoleta msiba ule. Kuvu ilikuwepo, mabaki yalioza, oksijeni ilipungua. Lakini haya yote yaliingia kwa mlango mmoja, nao ni kile debe tulichomwaga asubuhi moja bila kufikiri.

Tulivuna samaki 610, tena wadogo kuliko tulivyotarajia. Mkopo tulilipa. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na mtoto wa mwenzetu aliripoti shuleni akiwa amechelewa wiki tatu. Wanachama walichanga kukamilisha karo yake. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, kwa sababu sote tulikuwepo tukianika lile gunia, na sote tulinusa ile harufu tukanyamaza.

Basi wapenzi wasomaji, kesho mkisimama ukingoni na debe mkononi, kumbukeni kwamba mnaandaa meza mbili. Moja ni ya samaki mnayemwona. Ya pili ni ya wale wadogo msiowaona, wanaokaa ndani yake na kumfanyia kazi. Mkiwasahau hao wa pili, wa kwanza hatanenepa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Samaki wetu wanakula nini wiki hii? Je, ni chakula cha aina moja au mchanganyiko?
2. Mara ya mwisho tulipobadilisha chakula, tulifanya kwa siku moja au hatua kwa hatua? Tuliona nini baadaye?
3. Chakula chetu kinawekwa wapi? Nendeni pamoja mkafungue gunia, mnuse.
4. Ni nani kati yetu atakayesema "ngojeni" siku tutakapotaka kumwaga dawa bila kujua ugonjwa?
5. Katika eneo letu, ni chakula gani cha samaki kinachopatikana bila kuwanyang'anya watoto kitoweo chao?

Tuandikieni yale mtakayoona mkipasua samaki wenu. Tutayajadili pamoja katika toleo lijalo.